Breki za pikapu: Ni haki ya nani?

Katika Kiswahili chetu kuna neno moja ambalo limetupotosha kwa muda mrefu bila ya sisi kushtuka. Neno hilo ni 'ajali'. Asili yake ni Kiarabu, ajal, na maana yake ni muda uliowekwa, hususan muda wa mja kuishi duniani, ambao Mwenyezi Mungu (SW) ameukadiria na ambao haucheleweshwi wala hautangulizwi. Waarabu wenyewe, magari yanapogongana, hawasemi ajal. Wanasema haadith, yaani tukio. Sisi tumelichukua neno la kifo kilichokadiriwa tukalipachika kwenye gari lililokosa breki, kisha tukalijengea na methali: ajali haina kinga. Methali hii kwa maana yake ya asili ni sahihi, na ni sehemu ya imani yetu. Lakini leo inasemwa kando ya barabara, mbele ya gari lililopinduka, na mara nyingine anayeisema ni mtu ambaye wiki iliyopita aliambiwa na fundi wake kuwa pedi zimekwisha.

Nimeanza na neno hili kwa sababu ya swali nililoulizwa na mzee mmoja anayehudhuria darsa zetu za baada ya Maghrib. Alisubiri watu waondoke, kwani kwa maneno yake aliona haya kuuliza jambo la gereji ndani ya msikiti. Yeye na mshirika wake wana pikapu, Toyota Hilux ya zamani iliyotoka Japani ikiwa imeshatumika, nayo huleta kabichi, karoti na hoho kutoka Lushoto hadi masoko ya Dar es Salaam. Biashara imekwenda vizuri na wamebakiwa na akiba inayotosha kazi moja tu ya gari. Fundi wao anashauri breki: diski kubwa zaidi mbele pamoja na kalipa zake, pedi za daraja bora, dramu za nyuma zifanyiwe kazi upya na mipira yote ya breki ibadilishwe. Mshirika naye anataka springi za nyuma ziongezwe vyuma ili gari libebe tani mbili badala ya moja. Swali la mzee lilikuwa hili: "Ustadhi, breki zetu hazijawahi kufeli hata siku moja. Kutoa fedha zote hizi kwa kitu ambacho hakijaharibika, si israfu? Na wala si kupungukiwa na tawakkul?"

Ndugu msomaji, usilicheke swali hili. Mzee ameuliza kwa uwazi jambo ambalo wengi wetu tunalijibu kimyakimya kila tunapoahirisha matengenezo.

Ama kuhusu tawakkul, sitakaa sana, kwa kuwa kila aliyepita madrasa anaikumbuka hadithi ya bedui na ngamia wake iliyopokewa na Tirmidhi kutoka kwa Anas bin Malik (RA), ambapo Mtume (SAW) alimfundisha kumfunga kwanza ndipo ategemee. Imam Ghazali katika Ihya analiweka jambo hili wazi zaidi: mwenye njaa aliyewekewa chakula mbele yake, akaacha kunyoosha mkono kwa hoja kuwa anategemea, huyo hana tawakkul bali ana wazimu. Na Sayyidna Umar (RA) alipokaribia Sham akapata habari ya tauni na kuamua kurudi, Abu Ubayda (RA) alimuuliza kama anaikimbia kadari ya Allah. Jibu lake, kama lilivyo katika Bukhari, ni kuwa anaikimbia kadari kwenda kwenye kadari. Diski mpya nayo ni kadari. Anayeifunga hajatoka nje ya mamlaka ya Mwenyezi Mungu hata hatua moja.

Kwa hiyo yule anayeandika Tawakkaltu kwa rangi nzuri kwenye bodi ya nyuma, na chini yake dramu zimeliwa mpaka chuma kinasaga chuma, ameandika kitu ambacho gari lake linamkanusha.

Ama kuhusu israfu, wanazuoni wetu wamepanga maslahi ya waja kwa daraja: yale ya dharura, yale ya haja, kisha yale ya kupamba. Kuhifadhi nafsi kumo katika daraja la kwanza, na ndani ya daraja hilo nafsi hutangulia mali. Mtu anayenunua rimu za kung'aa, muziki mzito na taa za rangi kwa ajili ya pikapu ya kubebea kabichi huyo tunaweza kuzungumza naye habari ya israfu. Lakini mzee wangu anauliza kuhusu kitu kinachosimamisha gari. Na hoja yake kuwa breki hazijawahi kufeli inatakiwa iangaliwe vizuri, kwa sababu breki zina tabia moja ambayo watu wengi, hata baadhi ya madereva wa miaka mingi, hawaifahamu.

Kazi ya breki ni kugeuza mwendo kuwa joto. Hakuna kingine. Pedi inabana diski, laini zinasuguana na dramu, mwendo unapungua na chuma kinapata moto. Mwendo ukiongezeka, joto linalotakiwa kumezwa halipandi kwa kiwango hicho hicho: gari linalotoka kilomita 60 kwa saa kwenda 80 limeongeza mwendo kwa theluthi moja tu, lakini nguvu ambayo breki italazimika kuimeza imeongezeka kwa zaidi ya robo tatu. Mzigo nao unaongeza kwa hesabu yake: uzito wa gari zima ukizidi maradufu, joto linazidi maradufu.

Sasa chukua barabara ya mzee wangu. Kutoka Lushoto kupita Soni mpaka Mombo ni kama kilomita 33 za kona na mteremko, na tofauti ya kimo kati ya juu na chini inakaribia mita 1,000. Pikapu yenye uzito wa tani moja na nusu, ikiwa na tani moja ya mzigo, inaposhuka kimo hicho inatoa nguvu ambayo, kama yote ingegeuka joto, ingechemsha takriban lita 75 za maji kutoka ubaridi wa kawaida mpaka kutokota. Ongeza mzigo ufike tani mbili, unavuka lita 100. Haya ni madebe matano ya maji yanayochemka, na joto hilo linatafuta pa kwenda. Sehemu yake huchukuliwa na injini ikiwa dereva anashuka na gia ya pili, na sehemu kidogo huchukuliwa na upepo. Inayobaki yote inaingia kwenye diski mbili na dramu mbili ambazo ukizibeba mikononi hazitakushinda uzito. Na yupo dereva ambaye, ili kuokoa dizeli, anatoa gia kabisa na kuliacha gari liserereke. Huyo amekataa msaada wa injini na kuubebesha mguu wake mlima mzima.

Kinachotokea hapo ni kimoja kati ya viwili. Pedi zikipata moto kupita kiwango chake hupoteza ukali. Unakanyaga kwa nguvu zako zote, pedeli ni ngumu chini ya mguu, na gari haliitikii. Au oili ya breki inachemka. Oili hii ina tabia ya kunyonya maji kutoka hewani, na sisi tunaoishi pwani tunaijua hewa yetu. Ile ya daraja la DOT 3 ikiwa mpya inatakiwa kustahimili angalau nyuzi 205 kabla ya kuchemka. Ikishanyonya maji, kiwango hicho kinaweza kushuka hadi nyuzi 140 hivi. Ikichemka hutoa mvuke, na mvuke, tofauti na oili, hubonyea. Mguu unazama mpaka sakafuni na hakuna kinachosukumwa upande wa pili. Gari likipoa, mvuke unarudi kuwa maji, na kesho asubuhi fundi anakanyaga pedeli anaikuta iko sawasawa. Hapo ndipo utasikia watu wakisema breki zilikuwa nzima, ni ajali tu.

Kwa hiyo "hazijawahi kufeli" maana yake ni kuwa hazijawahi kufikishwa ukingoni. Barabara tambarare ya Chalinze haiwezi kukuambia lolote kuhusu uwezo wa breki zako pale Soni.

Hapa pana jambo ambalo lazima nilieleze kwa haki, nisije nikamfanya fundi kuwa walii. Diski kubwa haifupishi kila msimamo. Ikiwa breki zako za sasa, zikiwa nzima, zinaweza kugandisha magurudumu kwenye lami kavu, basi kikomo chako ni tairi, na diski ya ukubwa wa sinia haitakusogeza mbele. Mwenye kufunga breki mpya akabaki na tairi zenye upara ametupa fedha yake. Faida ya diski kubwa ni kumeza joto jingi na kulitoa haraka, yaani kukanyaga mara ya 30 kuwe sawa na kukanyaga mara ya kwanza. Kwa gari la mjini lisilobeba kitu, huenda pedi nzuri na oili mpya vingetosha, na hapo pengine swali la israfu lingekuwa na nafasi. Kwa pikapu ya Lushoto halina.

Ama shauri la mshirika la kuongeza springi, nilitaka kulielewa vizuri kabla ya kusema neno, nikamfuata fundi wao gerejini. Alinionyesha kitu chini ya gari ambacho sikukitarajia. Pikapu nyingi za aina hii zina vali ndogo ya breki za nyuma, iliyounganishwa kwa chuma na difu. Kazi yake ni kuupima mzigo. Bodi ikiwa tupu huwa juu, na vali hupunguza nguvu ya breki za nyuma ili magurudumu ya nyuma yasigande na gari kugeuka ubavu. Bodi ikijazwa inashuka karibu na difu, na vali inafungua na kuziruhusu breki za nyuma kufanya kazi kamili. Ni uadilifu wa ajabu uliotiwa ndani ya kipande cha chuma: kila gurudumu lipewe kazi kwa kadiri ya mzigo ulio juu yake.

Sasa ukiongeza vyuma vya springi, bodi haishuki tena. Unapakia tani mbili na gari limesimama kama vile halijabeba kitu. Vali inaangalia umbali wake na difu inauona ule ule wa gari tupu, na inazinyima breki za nyuma nguvu. Siku ambayo gari lina mzigo mkubwa kuliko siku zote ndiyo siku ambayo breki zake zinaambiwa kuwa hakuna mzigo. Vali hiyo inaweza kurekebishwa upya na anayeijua kazi, lakini fundi aliniambia kuwa anayeongeza springi kwa kawaida haiulizi habari yake, na mafundi wengine huing'oa kabisa ili kupunguza usumbufu.

Mimi ni mwalimu wa dini, si wa magari, lakini nilisimama pale nikamkumbuka yule ngamia wa Madina. Katika Abu Dawud imepokewa kuwa Mtume (SAW) aliingia bustani ya mtu katika Ansari, ngamia akamwona na kutokwa machozi, na Mtume (SAW) akamkemea mwenye ngamia huyo kwa kumtia njaa na kumchosha. Ibn Saad naye amepokea kuwa Umar (RA) alimchapa mwenye ngamia kwa kumbebesha asichoweza. Ngamia ana namna ya kulalamika. Anapiga kelele, anagoma kuinuka, na mwenye macho anaona mgongo wake. Gari lina namna moja tu ya kuonyesha kuwa limezidiwa, nayo ni kuinama nyuma, na anayeongeza springi analinyang'anya hata hiyo. Trafiki akilitazama analiona liko wima. Hata mwenyewe, akilitazama kesho, atadhani limebeba kidogo.

Nilipomweleza mzee haya aliridhika, akaenda kwa mshirika wake. Siku chache baadaye alirudi na shauri jipya, na hili ndilo lililonifanya nikalie kalamu. Mshirika amekubali breki. Amekubali hata zianze breki, springi zifuate akiba ikipatikana tena. Sababu yake ni kuwa breki zikishakuwa za nguvu, gari litaweza kubeba tani mbili bila wasiwasi na dereva ataweza kukimbia kidogo ili wafike sokoni kabla ya wengine. Kwa maneno mengine, breki zitajilipa.

Utaona shauri hili halina kosa la wazi. Kila mfanyabiashara angelikubali. Lakini hebu tujiulize: ikiwa breki mpya zinaongeza usalama kwa kiasi fulani, na kiasi hicho chote kikageuzwa kuwa mzigo na mwendo, usalama umekwenda wapi? Umeuzwa. Na aliyeuuza amepata bei yake sokoni. Yule mama mwenye kibanda cha matunda pale chini Mombo, na watoto wanaovuka barabara na mikoba yao kutoka shule, wako pale pale walipokuwa kabla diski hazijafungwa, au pabaya zaidi, kwa sababu gari lililofeli likiwa na tani mbili linapiga kwa nguvu kuliko lililofeli likiwa na tani moja.

Jambo hili limechunguzwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 mjini Munich, Ujerumani, teksi za kampuni moja ziligawanywa, baadhi zikafungwa breki za ABS ambazo huzuia magurudumu yasigande, nyingine zikabaki na breki za kawaida. Watazamaji walipanda kama abiria bila ya dereva kujua. Matukio ya kugongana hayakutofautiana kwa kiasi cha maana baina ya makundi mawili. Waliokuwa na breki bora walikata kona kwa ukali zaidi. Profesa Gerald Wilde wa Kanada ameieleza habari hii katika kitabu chake Target Risk cha mwaka 1994, akidai kuwa binadamu hubeba ndani yake kiasi cha hatari anachokivumilia, na ukimpunguzia huku atajiongezea kule. Wataalamu wengine wamempinga vikali, na mimi sina elimu ya kuhukumu baina yao. Kilichonivutia ni kilichofuata. Wilde anaeleza kuwa kampuni ile ilipoanza kuwatoza madereva sehemu ya gharama za uharibifu, kugongana kulipungua. Chuma hakikuwabadilisha. Walibadilika walipowekewa dhamana.

Hapo ndipo fiqhi yetu ina la kusema, na ilisema kabla ya gari kuundwa. Katika Suratun-Nisaa, aya ya 92, Mwenyezi Mungu (SW) amezungumzia anayeua kwa kukosea. Hakukusudia. Hakuwa na chuki. Hata hivyo juu yake kuna diya kwa jamaa wa marehemu, na kuna kafara: kuacha huru mtumwa muumini, na asiyepata, kufunga miezi miwili mfululizo. Wanazuoni wengi wa zama zetu wameiweka hukumu hii juu ya dereva ambaye uzembe wake umesababisha kifo, na kwamba kila nafsi ina kafara yake. Waliokufa wakiwa wanne, ni miezi minane. Tafakari, ndugu yangu, ni wangapi barabarani wanaodaiwa saumu ambayo hawajawahi kuambiwa kuwa wanadaiwa, kwa kuwa msibani waliambiwa ajali haina kinga na wao wakaitikia amin.

Aidha, Majmai ya Fiqhi ya Kimataifa iliyo chini ya Jumuiya ya Nchi za Kiislamu, katika kikao chake cha 8 kilichofanyika Brunei mwezi Juni 1993, ilipitisha azimio maalumu juu ya matukio ya barabarani. Ilisema kuwa kuzifuata kanuni za usalama barabarani zisizopingana na Sharia ni wajibu wa kidini, na kuwa dereva hubeba dhamana ya madhara anayowafikishia wengine, isipokuwa pale alipozidiwa na nguvu asiyoweza kuizuia, au kosa likatoka kwa mwingine. Breki zilizochemka Soni chini ya tani mbili si nguvu isiyozuilika. Zilizuilika Lushoto, wakati wa kupakia.

Kwa msingi huo nilimwambia mzee kuwa fedha ya breki ni yake, lakini usalama unaotokana nayo si wake wote. Sehemu yake kubwa ni haki ya watu asiowajua, waliokuwa wakidai hata kabla hajawa na uwezo wa kuwalipa. Sasa amepata uwezo. Akiwalipa kwa mkono mmoja kwa kufunga diski, kisha akawanyang'anya kwa mkono wa pili kwa kupandisha mzigo, sioni amelipa nini.

Najua hoja inayokuja, na mzee aliileta kwa heshima lakini bila kunificha. "Ustadhi, wewe unapokea mshahara. Sisi tukibeba tani moja, na wenzetu wote wanabeba mbili, bei ya kabichi haitutazami sisi. Tutaacha biashara, na kabichi zitaletwa na asiyekuwa na breki kabisa." Hoja hii ina uzito na sitaki kuipuuza. Vipuri ni ghali, dizeli haishikiki, na mkulima wa milimani naye anataka mazao yake yatoke kabla hayajaoza. Mizani za barabarani hazimsaidii mwadilifu pia. Zimewekwa kwa ajili ya kulinda lami dhidi ya magari makubwa, pikapu inapita pembeni. Anayejizuia anajizuia peke yake.

Lakini tuifuate hoja hiyo mpaka mwisho wake. Ikiwa kabichi haiwezi kufika Dar es Salaam kwa bei ya sasa ila kwa gari lililozidiwa, basi bei ya sasa ni pungufu, na kuna mtu anayejazia pungufu hilo. Wewe na mimi tunaonunua kabichi kwa bei nafuu hatujazii. Anayejazia ni mkazi wa chini ya mteremko, na analipa kwa hatari ambayo hakuulizwa. Hadithi mashuhuri inatufundisha kuwa hakuna kudhuru wala kulipizana madhara, na sijaona mwanazuoni aliyeongeza pale: ila ushindani ukiwa mkali. Nilimshauri mzee azungumze na wenye pikapu wenzake wanaopakia pale pale, wengi wao wakiwa Waislamu wanaoswali naye safu moja, wakubaliane kima cha mzigo. Alitikisa kichwa kama mtu aliyewahi kujaribu. Huenda wasikubaliane. Hilo litampunguzia faida yake, na simwahidi kuwa atarudishiwa sokoni.

Kuna upande wa fundi pia, nami nitaupitia haraka. Pedi bandia zimejaa madukani, zikiwa kwenye maboksi mazuri kuliko ya pedi za kweli, na kuna wanaotia oili ya injini kwenye chupa ya breki kwa kudhani oili ni oili, ikavimbisha mipira yote. Mtume (SAW) amesema kuwa mwenye kutibu watu hali hakujulikana kwa utabibu basi anabeba dhamana. Hadithi hii imo katika Abu Dawud na Nasai. Sioni sababu ya kumtoa fundi wa breki katika maana yake. Anashika roho za watu wengi kwa siku moja kuliko tabibu wa mtaani.

Lililobaki ni la dereva. Wote tulikuwa tukizungumza, mimi, mzee, mshirika na fundi, na katika sisi wanne hakuna hata mmoja anayeshuka Soni usiku na mzigo mgongoni. Anayeshuka ni kijana wa miaka 20 na kitu, ambaye hakuulizwa kuhusu springi wala diski, na fiqhi ikianza kutafuta mwenye dhamana itaanza na yeye kwa kuwa ndiye aliyeshika usukani. Hakuna kumtii kiumbe katika kumuasi Muumba, hilo tunalihubiri kila siku, lakini anayelihubiri si yeye atakayekosa kazi kesho asubuhi. Nilimuuliza mzee kama kijana huyu amewahi kukataa mzigo. Akasema hajawahi hata mara moja, ni kijana mtiifu sana. Nikamuuliza kama yeye au mshirika wake wamewahi kumwambia kuwa anaruhusiwa kukataa, na kuwa ujira wake wa siku hiyo utalipwa vile vile. Mzee alinyamaza kidogo, kisha akaniomba nimwandikie maneno hayo kwenye karatasi ampelekee mshirika wake asome.